Nilikataliwa kwenye majaribio ya dawa, mtaa mzima ukasema nina mimba

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba.

Juzi kijana mmoja humu kaandika kwamba kafeli uchunguzi wa afya kwenye majaribio ya dawa, yale ya kulipwa posho. Akauliza afanyeje. Mkamcheka kurasa tatu nzima.

Mie sikucheka. Nilifungua sanduku nikatoa daftari langu la kidato cha tatu. Nilikuwa msichana wa aibu, sisemi na mtu, kwa hiyo kila kitu nilikuwa naandika. Ninachowasimulia hapa sikikumbuki tu, nakisoma. Nikiongopa, mwandiko wangu mwenyewe utanisuta.

Ni enzi za Ujamaa, Temeke. Nina miaka kumi na minane (tulianza shule tumechelewa, msishangae). Baba mchonga vinyago, katokea Newala. Mama anauza vitumbua.

Siku hiyo balozi wa nyumba kumi akatangaza kwamba kuna zahanati Kinondoni inajaribu vidonge vipya vya malaria. Wanataka watu wazima wenye afya, unameza vidonge mbele ya nesi kwa wiki sita, kila wiki una posho yako. Wagonjwa hawatakiwi. Wajawazito hawatakiwi.

Hilo la wajawazito alilirudia mara mbili. Hakuna aliyelisahau.

Mie nilitaka viatu vya shule, vyangu nilikuwa nimevifunga kwa waya. Baba akaweka dole gumba kwenye fomu, nikaenda na wasichana wawili wa mtaani kwetu.

Tukatolewa damu, tukatoa mkojo, tukapimwa uzito, tukapekuliwa macho na ulimi. Wale wawili wakachukuliwa. Mie karani akanirudishia fomu.

"Wewe hapana. Nenda nyumbani."

Sikuuliza kwa nini.

Wakuu, balaa lote lilitoka hapo. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, wanaume wananitazama, nikaona aibu. Nikakunja fomu nikaondoka.

Mke wa balozi, tulikuwa tunamwita Mama Balozi, alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Wenzio wamepata. Wewe je?"

"Wamenikataa."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Sijui. Siumwi."

Akaweka ungo chini. "Huumwi, na wamekukataa." Akanitazama tumboni, taratibu kabisa. "Haya mwanangu. Pole."

Ile pole ilifika bombani kabla yangu.

Sasa kuna jambo nisiwafiche. Nilikuwa nakula udongo. Ule wa vipande, unauzwa sokoni kwa mafungu. Nilikuwa natembea nao mfukoni, hata darasani nautafuna mwalimu akigeuka ubaoni. Wasichana wengi tulikuwaga hivyo. Lakini kwa wakubwa, udongo ni wa mwenye mimba. Kesho yake jirani akaniona na vumbi lake mdomoni, basi, kesi ikawa imekwisha.

Mama akanivuta chumbani. "Niambie mie kwanza kabla ya baba yako."

"Mama, hakuna kitu."

"Mbona wamekukataa?"

Baba aliendelea kugonga mpingo wake uani. Hakuniuliza hata neno moja, na hilo liliniuma kuliko kelele.

Jumatatu umbea ulishafika shuleni, mwalimu mkuu akaniita jina mstarini, mbele ya shule nzima.

"Beba daftari zako uende nyumbani. Utarudi ukileta karatasi ya daktari kwamba huna kitu. Ukikosa, usirudi."

Nilipita katikati ya mistari peke yangu. Kuna waliocheka. Nimewaandika majina, hadi leo yapo.

Karatasi yenyewe kuipata ilikuwa kazi. Enzi zile kipimo cha mimba hakikuuzwa dukani kama sasa. Mama alinipeleka kwa mkunga, akanibonyezabonyeza tumbo akasema bado ni mapema, tusubiri miezi mitatu tuone. Miezi mitatu! Yaani nikae nyumbani, watu wangojee tumbo langu.

Usiku ule niliandika mstari mmoja tu: *Kesho naenda kuuliza.*

Nilitembea hadi Kinondoni. Karani akasema tabibu ana kazi. Nikasema nitasubiri. Akasema hatoki mpaka saa tisa. Nikakaa chini mlangoni, kila anayeingia ananiruka.

Saa nane tabibu akatoka mwenyewe. "We binti, una shida gani?"

"Mlinikataa. Nataka kujua kwa nini."

Akatafuta jina langu kwenye kitabu. "Damu. Huna damu ya kutosha. Hukuambiwa?"

"Nina mimba?"

"Nani kasema? Mkojo wako tuliupima, hauna mimba." Akanivuta kope ya chini. "Ona, nyeupe kama karatasi. Unakula udongo?"

Nikamtazama tu. Akacheka. "Mnakula wote, halafu mnanitazama hivyohivyo."

Nikamwambia anipe karatasi ya shule. Akakataa. Utaratibu wao, cheti anapewa aliyechukuliwa tu. Nikamuuliza: "Damu ikijaa, mtanichukua?"

"Kundi la pili linaanza baada ya wiki nane. Ukifikia kiwango, hatuna sababu ya kukukataa."

Alinipa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Udongo nikautupa chooni siku hiyohiyo. Nisiwadanganye, mvua ikinyesha na ile harufu ikapanda, nilikuwa nalia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mama alinilisha matembele na dagaa mpaka nikachukia kuviona.

Mama Balozi alikuwa akipita ananiuliza, "Hujambo na mwenzio?" Namwitikia "Hatujambo mama", maana nilikuwa sijui kujibu vingine. Lakini nyumba sikujifungia. Maji nilikwenda kuchota mwenyewe, kila siku, saa ile bomba limejaa watu.

Wiki ya nane nikarudi zahanati. Nikatolewa damu tena. Karani yuleyule akasoma majina. Langu likawemo.

Nikapewa cheti chenye mhuri: afya njema, hana ujauzito.

Kesho yake alfajiri nikawa mlangoni kwa mwalimu mkuu. Akakisoma mara mbili.

"Vizuri. Ingia darasani."

"Mwalimu, uliniondoa mstarini. Naomba unirudishe mstarini."

"Hilo halina haja."

Kengele ikalia. Nikatoka ofisini, miguu ikanipeleka mbele ya mistari yote, mahali ambapo sikuwahi kusimama maisha yangu. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Sina mimba. Sikuwa nayo. Nilipungukiwa damu kwa kula udongo. Na nyie mnaokula nawajua, kapimeni."

Halafu nikaona mikono inatoka mifukoni polepole, mstari mzima wa kidato cha tatu.

Mwalimu mkuu alinipa adhabu ya kufagia uwanja wiki nzima kwa kusema bila ruhusa. Nilifagia. Nilifagia hadi nyuma ya vyoo, kichwa juu.

Vidonge vya majaribio nilivimeza wiki zote sita. Vilinitapisha mara mbili na masikio yakawa yananguruma, sikuacha. Viatu nikanunua.

Nilichojifunza, wakuu: mtu akikukatalia jambo linalohusu mwili wako, usiondoke bila sababu. Usipoijua wewe, jirani atakutungia, na ya kwake ndiyo itakayoaminiwa. Aibu ya kuuliza ni ya dakika mbili tu. Mie ya kutouliza ilinikalisha nyumbani wiki nane.

Yule kijana wa juzi namwomba aje hapa atuambie, walikupa sababu gani? Kama hujaambiwa, kesho rudi ukakae mlangoni kwao.

Na nyie dada zangu mnaotafuna udongo hadi leo, jitokezeni kwenye komenti. Waliocheka juzi pia karibuni, mie siogopi tena kusomwa.