Mfano wa Asumini

Jana niliomba ardhi ipasuke inimeze. Tangu tupate uhuru nafundisha watu wazima Kiingereza, kila alasiri, ghorofani hapa Mji wa Kale. Kichochoro chetu ni chembamba, na kwenye dirisha la nyumba ya pili huketi binti akitunga asumini. Uso sijapata kuuona. Naona vidole tu, na ile harufu inatosha kunipoteza.

Jana tulisoma namna ya kueleza jambo lililokuwa likitendeka mara kwa mara. Nikitafuta mfano, macho yakanipeleka palepale.

"Alikuwa kila mara akitunga asumini," nikasema kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu aotaye.

Darasa likarudia, maana nimewazoeza kuitikia kila sentensi kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Alikuwa kila mara akitabasamu." Tabasamu hilo nililibuni mwenyewe. Wakarudia. Mimi nilikuwa mbali, nimeshapeleka posa, nimeshakubaliwa.

Bwana Salim, muuza vitambaa aliyejiunga nasi juzi, akainua mkono.

"Mwalimu, niruhusu nami nitoe mfano."

"Tafadhali, bwana."

Akasimama, akaiweka sawa kofia yake, akasema kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja: "Mwalimu wetu alikuwa kila mara akimchungulia binti yangu."

Kabla sijafumbua kinywa, darasa zima likaitikia kwa sauti moja, madirisha yakiwa wazi.

Ng'ambo ya kichochoro, vile vidole vikaacha kutunga.