Walijibu Kuwa Gari Lipo

Mdogo wangu alikufa saa saba mchana akingoja gari la wagonjwa ambalo serikali imeandika, na kugonga muhuri, kwamba lipo.

Alikuwa fundi cherehani. Tulimwita Sindano, maana ulimi wake ulichoma kuliko kazi yake. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, alijibiwa, "Gauni halijabadilika, shoga. Kuna kingine kimebadilika." Mteja alicheka, na kesho alirudi na kitambaa kingine. Sare za shule alizishona kwa pindo pana, ili mtoto akirefuka mzazi asihangaike tena. Mimi sikusoma, barua zangu zote alinisomea yeye.

Asubuhi ile alijifungua salama, mtoto wa kike. Kisha damu ikakataa kukoma. Muuguzi akapiga simu, akatoka nje, akarudi ameinamisha kichwa. Gari lilikuwa nyuma ya kituo cha afya, juu ya mawe, halina hata gurudumu moja, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

"Dada, limefika?" Sindano akaniuliza.

Nikamwambia linakuja. Huo ni uongo wangu, nami naubeba.

Mbunge wetu alikuja kutupa pole. Alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Akaahidi kumpelekea waziri swali la maandishi, lile linalomlazimu kujibu kwa maandishi. Miezi miwili baadaye akaja na karatasi, akaisoma mwenyewe uani kwetu.

"'Je, kituo hicho kina gari la wagonjwa? Jibu: Ndiyo, kinalo moja.'"

"Mheshimiwa," nikamwambia, "hata mimi nina mume. Mwaka wa tisa huu sijamtia machoni."

Majirani wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Sasa wewe ungeuliza vipi, mama?"

"Mtoto humwulizi kama amenawa. Unamwuliza sabuni iko wapi. Uliza gari lilitembea lini mara ya mwisho, na nani alitia sahihi kuwa ni zima."

Karani wake akaandika vivyo hivyo, akanisomea mara mbili. Nikatia dole gumba pembeni, ingawa alisema si lazima. Swali likapelekwa, likapewa namba, tukangoja. Kabla halijajibiwa, Bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi. Karani akanieleza kwamba maswali yaliyobaki hufa pamoja na Bunge lake.

"Na yanazikwa wapi?" nikamwuliza.

Mbunge wetu akashindwa uchaguzi. Huyu mpya nimemfuata mara nne.

"Hilo ni la zamani, mama. Na jibu si lipo?"

Lipo. Limo katika kumbukumbu za Bunge, na atakayelisoma ataamini kwamba Sindano alikuwa na gari ila alikosa bahati.

Mwanawe sasa ana miaka mitatu. Anavaa gauni alilomshonea akiwa bado tumboni. Pindo nimelishusha mara mbili, limebaki la mwisho.

Mbunge mpya ana deni la swali moja, liulizwe kama lilivyoandikwa, bila kupunguzwa neno. Waziri ana deni la tarehe moja na jina moja. Hayo mawili tu, kabla pindo halijaisha.