Mama Pindo na Posho Aliyoikataa

Asubuhi ile mke wangu alinituma uzi. Alitaka bluu iliyokolea, akanipa na kipande cha kitambaa nikakifananishe dukani, maana macho yangu anayajua. Nikarudi na mweusi. Aliupeleka mlangoni kwenye mwanga, akanitazama, akasema mwenye duka naye atakuwa na macho kama yangu. Akashonea huo huo. Ilikuwa sketi ya shule ya mdogo, Kifungo tunavyomwita, anashusha pindo mara ya tatu. Akasema hii ndiyo ya mwisho, kitambaa kimekwisha na mtoto bado anakwenda juu. Watoto walikunywa chai wamesimama, kama kawaida yao. Mimi nilikuwa napiga pasi shati la mkubwa, dada yake Kifungo. Hakuna aliyesema neno la maana.

Kesho yake kifua kilimbana. Siku ya tatu alitutoka, hospitalini. Sketi ile Kifungo bado anaivaa, ina mstari mweusi chini kwenye bluu, na hataki ushonwe upya.

Mimi sikusoma. Nasema, mkubwa anaandika. Nimemwambia asirembe.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha kazi: cherehani ya miguu chini ya dirisha, meza ya kukatia ambayo ni mlango wa zamani niliouwekea miguu ya chuma, na kopo la vifungo. Alishona sare za shule. Mtaani walimwita Mama Pindo, na hawakuwa wanamsifu. Mafundi wengine huacha pindo la vidole viwili. Yeye aliacha vinne, akalikunja kwa ndani vizuri usilione. Kitambaa kingi kinakwenda. Wenzake walimcheka, wakamwambia anashona ili wateja wasirudi. Akawaambia wanarudi sana, kushusha pindo. Na kushusha pindo hakuwatoza.

Mimi nilikuwa nachomelea mageti na madirisha. Miaka thelathini kwenye moto ule, na miwani ya kukinga nilikuwa navaa nikikumbuka. Macho yakaanza kutoa machozi, halafu ukungu. Kazi ikapungua, mwisho nikabaki nyumbani namshikia kitambaa. Yeye na mkasi upande ule, mimi nimeshika ncha upande huu, navuta isikunjane. Na pasi alinifundisha, pole pole. Wiki ya kwanza niliunguza kola ya mteja. Alikata kola nyingine, hakuninunia, ila tangu siku ile pasi akaiita mchumba wangu. Mchumba wako amepoa, mpashe moto. Mchumba wako anaunguza watu, mshike vizuri.

Hatukujaliwa mtoto. Hilo tulishalizoea.

Mke wangu alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa kwao, anaishi mji mwingine. Alifariki ghafla. Baba wa watoto alishaondoka siku nyingi, hajulikani alipo. Habari zilituchelewa. Tulipofika, kaburi lilishaota majani, na watoto wawili wa kike walishachukuliwa na ofisi ya ustawi wa jamii, wamewekwa kwa mama mmoja mlezi. Mama mwema, sina neno naye. Ndiye aliyetuambia kwamba mdogo, miaka minne, kila anachokiona anatia mdomoni. Na mkubwa, miaka saba, hakubali kulala mpaka avae viatu. Alishahamishwa mara mbili asubuhi na mapema. Alikuwa anajiweka tayari.

Tukaenda ofisini kuwaomba. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole. Akasema kwa kuwa sisi ni ndugu, watoto wanaweza kuja kwetu, na ofisi ina posho ya kila mwezi kwa walezi. Hapo nikatega sikio. Mke wangu akauliza hiyo posho inakuja na nini. Akaelezwa. Ukiipokea, wewe ni mlezi wa muda, uko chini ya ofisi. Jalada la watoto linabaki wazi, wanakuja kukagua, na kukitokea mabadiliko ndani ya nyumba, ofisi inaweza kuwapeleka watoto kwingine. Usipoipokea, unakwenda mahakamani kama mama mkubwa na mumewe, unapewa amri, jalada linafungwa, watoto ni wako moja kwa moja.

Mke wangu akauliza mabadiliko hayo ni kama yapi. Afisa akataja. Kuhama. Ugonjwa. Kifo cha mmoja wenu.

Akafunga mkoba wake.

"Posho hatuitaki," akasema. "Tunataka watoto."

Nje tuligombana. Tuseme niligombana peke yangu. Nilimuuliza hiyo hatuitaki amemsemea nani, maana mimi naitaka. Nikamwambia macho yangu yamekwisha, cherehani ni moja, na midomo sasa minne. Alinisikiliza mpaka tukafika kona.

"Umesikia kwamba yule mtoto analala na viatu?"

Nikasema nimesikia.

"Basi," akasema.

Kaka yake naye alimjia juu mbele ya watu. Hela ya bure anaikataa, kwani ana benki chini ya kitanda? Mke wangu akamwambia, "Lete ile suruali yako ya harusi niipanue, kaka. Naona posho imeingia tumboni kwako." Watu walicheka mpaka shemeji akacheka mwenyewe. Lakini mimi sikucheka. Niliona shemeji ana haki.

Watoto wakaja. Siku ya kwanza, kabla hawajala, mke wangu alivua futi shingoni akawapima. Mdogo siku hiyo hiyo alimeza kifungo kutoka kwenye kopo, ndipo jina lilipompata. Mkubwa alisimama juu ya kigoda, mikono imebana mbavu. Sketi yake ilipokwisha, aliigeuza akaona pindo. Vidole sita. Akauliza mbona kitambaa kingi kimefichwa. Mama yake mkubwa akamwambia kimekaa kinamsubiri, sketi hii ataivaa mpaka darasa la nne. Mtoto akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Wiki ile akaanza kuacha viatu mlangoni.

Sasa naja kwenye langu. Mkubwa amesimamisha kalamu ananitazama. Andika, nimemwambia.

Mwezi haujaisha, kazi ikawa haba. Nikadanganya kwamba nakwenda kumwona mtu wa geti. Nikaenda ofisini. Sikumkuta yule afisa, nikamkuta karani wake, mama mmoja mnene wa sauti ya chini. Nikamwambia tumebadili mawazo, posho tunaichukua. Akatoa fomu, akanisogezea kikopo chenye sponji ya wino. Kidole cha mchomeleaji hakina mistari, moto ulishailamba. Ikatoka doa tupu. Akaniambia weka tena. Niliweka mara tano, kidole gumba kikawa zambarau mpaka kwenye kucha. Akasema fomu inataka na mke, ataitwa, lakini yangu imeshapokelewa.

Njiani nilikisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Wapi.

Nikakuta anakata mashati meupe. Akaniita nishike ncha. Nikashika kwa vidole vinne, gumba nimelikunja kiganjani. Kitambaa kikateleza, nikakidaka. Nilipoachia, doa liko pale, kwenye nyeupe.

Mkasi ukasimama. "Nini hiyo?"

"Rangi ya geti."

"Nani siku hizi anapaka geti zambarau?"

"Watu wana mambo yao," nikasema.

Alilitazama doa, akanitazama mimi. Kisha akakizungusha kitambaa, akakata pale penye doa mfuko wa shati la mkubwa, doa likageukia ndani, lisionekane na mtu. Akaendelea na kazi. Nikashusha pumzi. Nilidhani nimemweza.

Posho haikuja. Nilisubiri mwezi, nikasubiri wa pili. Nikasema karatasi imepotea, na aibu haikuniruhusu kwenda kuuliza. Mahakamani tulikwenda, tukapewa amri. Ilipofika zamu yangu kuweka kidole, mke wangu aliniinamia sikioni akasema, "Hapa ndipo." Nikaweka. Sikuelewa.

Miaka minane ikapita. Mbogamboga nyingi, nyama mara moja moja. Yeye cherehani, mimi pasi na vifungo. Siku hizi naweza kunyoosha kola nikiwa nimefumba macho, na ni karibu na kweli. Watoto hawakulala na njaa. Hilo nalisema kwa sababu mimi ndiye niliyesema watalala.

Baada ya msiba, wiki ya sita, ikaja barua ya ofisi ya ustawi. Mkubwa akanisomea. Nifike na karatasi za watoto kwa ajili ya jalada lao.

Jalada. Nilijua mimi lilifungwa siku nyingi. Kama liko wazi, basi kidole changu ndicho kilicholiacha wazi. Nikakumbuka yule afisa anavyotaja: kuhama, ugonjwa, kifo cha mmoja wenu. Mimi mzee, mjane, macho haya. Nani atamwachia mtu kama mimi mabinti wawili? Mkubwa aliniuliza kama kuna wa kuhama. Nikamwambia hakuna. Sauti yangu haikumdanganya. Asubuhi nilipokwenda kuwaamsha, mtoto wa miaka kumi na mitano alikuwa amelala na viatu vya shule miguuni, kamba amezifunga.

Nilipiga pasi mashati matatu, mawili ya kwao na moja langu. Wao wakaenda shule, mimi nikaenda ofisini.

Afisa wa sasa ni binti, angeweza kuwa mjukuu wangu. Sikumpa nafasi ya kuanza. Niliweka kidole gumba juu ya meza yake.

"Mwanangu, kosa ni la hiki. Watoto hawahusiki, na marehemu hahusiki. Kama kuna hela inadaiwa, nitatafuta. Watoto niachieni."

"Mzee, kaa kwanza," akasema.

Nikakaa. Akafungua jalada, akalipitia karatasi kwa karatasi, hana haraka. Akaniambia shule imewaarifu kwamba mlezi anayetia sahihi amefariki, ikaomba ofisi ithibitishe nani amebaki. Ndiyo barua. Jalada lilifungwa mwaka ule ule. Amri ya mahakama ina majina mawili, moja limeondoka, moja lipo. Watoto ni wangu, na hakuna wa kuja kuwachukua.

Nikamwambia kuna karatasi nyingine humo, ya zambarau.

Akaitafuta. Akaitoa. Nililitambua doa langu hata kwa macho haya. Limekatwa kwa mstari mwekundu, pembe hadi pembe. Binti akasema limefutwa siku moja baada ya kuwekwa, na aliyelifuta ni mke wangu, alikuja mwenyewe. Kumbe ndiyo kesho yake ile, alipoaga anakwenda kununua vifungo. Alirudi bila vifungo, akasema duka limefungwa.

Niliomba maji. Binti akanipa, akanywa na yeye. Mabega yangu yalishuka, nikahisi shati likinining'inia. Miaka minane nilikula na mtu meza moja, analijua doa langu, na hakunisuta hata siku moja, hata siku nilizostahili. Nilidhani nitaona aibu. Niliona nimetuliwa mzigo.

Nyumbani niliwasubiri mlangoni. Niliwaambia yote, pamoja na la kidole. Kifungo akacheka, akataka kukiona. Mkubwa alikwenda chumbani, nikasikia anafungua sanduku. Akarudi na shati lake la darasa la kwanza, dogo kama la mwanasesere, akageuza mfuko. Lipo. Limepauka, lakini zambarau ni zambarau. Kumbe alikuwa analijua toka zamani, anadhani ni alama ya fundi. Akavua viatu, akaviweka mlangoni, akauliza kuna chakula gani.

Yule karani mnene, Mungu amzidishie, alikuwa mtu wa kuandika kila asikiacho. Chini ya doa pana sehemu ya kuandika sababu ya kukataa posho, na aliandika kama alivyoambiwa. Kabla sijaondoka ofisini nilimwomba yule binti anisomee. Nikamwomba arudie mpaka maneno yakakaa kichwani. Hivi ndivyo alivyosema mke wangu:

"Mume wangu alikuja jana kwa kutuonea huruma, msimwambie kwamba nimekuja. Futeni. Na mimi nikitangulia, watoto wabaki na yeye. Pasi atajifunza tu."