Phelesia Alionja Kwanza

Pale Kisegi, kando ya ziwa, ukitaka ugomvi na Phelesia, mwambie kipimo chake hakijajaa. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni miaka mingi, akizipima kwa kopo la gorogoro, na kila mara alizimimina mpaka zikafanya kilima, kisha akaongeza kiganja kimoja cha juu huku akimtazama mnunuzi kana kwamba anamwambia: haya, sema tena. Watu walimwita mkali, na ni kweli alikuwa mkali. Lakini hakuna aliyewahi kufika kwake akasema Phelesia amempunja.

Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Yeye ndiye aliyekuwa mke mkubwa wa Nicanor, mikayi kama Wajaluo wanavyosema, na mikayi ndiye mgawaji. Nyama ikija, sukari ikija, hata sabuni ikija, inaingia kwanza nyumbani mwake, kisha yeye anapeleka fungu la mke mwenzake, ambaye Wajaluo humwita nyieka. Tena akipeleka chakula, anaonja mbele ya anayepewa. Wazee wao wa ziwani waliwafundisha hivyo: pakiwa na shaka baina ya watu wawili, mwenye kutoa hutangulia kula.

Na shaka ilikuwapo, tusidanganyane. Roselyn alipoletwa kutoka kisiwa cha Takawiri kuwa mke wa pili, Phelesia alikaa mwaka mzima bila kumsalimu. Siku moja, pale wanapochota maji, alisema mbele ya wanawake wote kwamba hatakula sahani moja na yule msichana mpaka mmoja wao azikwe. Phelesia mwenyewe alikuwa kijana bado, alikuwa ameumia, na ulimi wake haukujua kungoja. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na maneno yale yalivuka ziwa mpaka Takawiri, yakafika masikioni mwa Caleb, kaka yake Roselyn, ambaye hakuyasahau.

Kilichowapatanisha wake hao wawili ni moyo, na hapa sizungumzii mapenzi. Moyo wa Roselyn ulikuwa umeharibika tangu utotoni kwa ile homa inayoshika viungo, na baada ya kuzaa mara ya tatu akawa hawezi hata kupanda kutoka ziwani na ndoo tupu. Madaktari wa Nairobi walimpasua wakamtilia kilango cha chuma ndani ya moyo. Wakati wote huo watoto wake walilala kwa Phelesia, wakala kwa Phelesia, wakachapwa na Phelesia sawasawa na wa kwake. Roselyn aliporudi, mwembamba kama ufito, akawakuta wamenona. Alikaa chini mlangoni kwa mke mwenzake akalia, na tangu siku hiyo ugomvi wao ulikwisha.

Ila tangu siku hiyo pia ilimbidi ameze vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, isije ikaganda kwenye kile chuma. Kila mwezi alikwenda Homa Bay kupimwa, maana dawa hiyo haina mzaha: ikipungua, damu inaganda, ikizidi, damu inavuja.

Kisha usingizi ukawahama wote wawili. Phelesia alikuwa na presha na vidonge vyake mwenyewe, na kila akijilaza macho yalikuwa makavu kama omena. Roselyn naye alisema akilalia ubavu wa kushoto anasikia chuma chake kinagonga, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani, na mtu gani atalala akisikiliza maisha yake yakihesabiwa? Wakawa wanaamka wamevimba macho, wanagombeza kuku.

Mwaka wa tisini na sita ndipo Liz alipokuja kutoka Marekani kumzika baba yake. Liz alikuwa rafiki wa Irine, binti mkubwa wa Phelesia aliyekuwa akifanya kazi hukohuko, na Irine alimpa chupa ya vidonge amletee mama. Liz alieleza kwamba inaitwa melatonini, kwamba Wamarekani wote sasa wanaimeza, kwamba inauzwa madukani karibu na dawa ya meno wala haihitaji daktari. Alisema hata mwili wenyewe huitengeneza, kwa hiyo haiwezi kumdhuru mtu. Alisema kwa nia njema. Wengi wanaoua huwa na nia njema, lakini tusiitangulie hadithi.

Phelesia hakujiuliza mara mbili. Kitu kimeingia nyumbani mwake, kitu kizuri, na mke mwenzake ana shida ileile. Kukila peke yake kungekuwa uchoyo. Alitandaza vidonge juu ya uteo, akavigawa kimoja kimoja, huku kimoja, huku kimoja. Jioni, kabla hata taa hazijawashwa, akampelekea Roselyn fungu lake kwenye kipande cha kitambaa. Akachukua kimoja, akakimeza mbele yake, akafungua mdomo wazi kama mtoto anayeonyesha amemaliza. Roselyn akacheka, akameza chake.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na ni kosa la watu waaminifu. Kuonja kunafichua sumu. Hakuwezi kufichua kitu ambacho kwangu ni chema na kwako ni balaa.

Walilala. Walilala mpaka Nicanor akaanza kulalamika kwamba chai imechelewa. Phelesia alifurahi kuliko siku aliyonunua mabati. Kisha wiki zikapita, na Roselyn akaona damu kwenye mswaki. Akadhani ni ufizi. Baadaye mikono yake ikatoka mabaka meusi mahali alipoegemeza tu kuni. Halafu asubuhi moja pua ikaanza kutoka damu, wakamwinamisha, wakambana pua, wakamwekea kitambaa cha maji baridi, na jua likafika utosini damu ingali inatoka.

Wakampakia kwenye mashua ya injini kwenda Mbita, ili wapate gari la Homa Bay. Njiani Roselyn aliegemea kifuani mwa Phelesia, na leso ya Phelesia ikalowa. Nicanor, ambaye maishani mwake hakuwahi kuingilia neno la wake zake kwa kuogopa kujibiwa, alisogea akamnong'oneza mke mkubwa. Alimwambia kama ile chupa ya Irine iko naye, aitupe majini sasa hivi. Ndugu wa Takawiri wakisikia kuna dawa iliyotoka mkononi mwake, hakuna kikao kitakachotosha.

Chupa ilikuwa naye. Ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso, na maji yalikuwa hatua moja tu. Phelesia aliishika kwa juu ya kitambaa mpaka Mbita. Aliogopa, na hakuwa mwanamke aliyezoea kuogopa. Alijua watasema nini. Alijua pia kwamba Roselyn alikuwa na fungu lake mwenyewe kwenye mkoba, na kwamba hakuna aliyemwambia aache.

Caleb alikuwa ametangulia hospitalini, maana habari mbaya haihitaji nauli. Alikuwa amesimama kando ya kitanda na mikono kifuani, akawasalimu wote isipokuwa Phelesia.

Daktari aliyekuwa zamu aliitwa Mwikwabe, Mkuria wa kutoka upande wa mpakani, kijana mpole mwenye macho ya mtu aliyekesha. Kijaluo hakukijua, kwa hiyo mazungumzo yakawa ya Kiswahili. Alitoa damu kidogo, akaiweka kwenye kichupa, akakiinamisha, akangoja. Akakiinamisha tena. Damu ilibaki majimaji kama chai. Alieleza bila kuzungusha maneno kwamba lazima ajue sababu. Akimpa dawa nyingi ya kugandisha, damu inaweza kuganda kwenye kile chuma na moyo ukasimama. Akimpa kidogo na kumbe kuna kitu kingine kinaendelea kuichezea damu, itaendelea kuvuja, na safari hii inaweza kuvuja kichwani. Kisha akamwinamia mgonjwa.

"Mama, niambie ukweli. Kuna dawa ingine unakunywa? Ya duka, ya miti, ya mtu yeyote?"

Roselyn aligeuza macho. Yalimpita mumewe, yakampita kaka yake, yakamfikia Phelesia, yakatulia hapo kwa muda mdogo sana.

"Hakuna, daktari," akasema. "Ni hizi zenu tu."

Phelesia akaelewa. Huyu mtu alikuwa anavuja damu kitandani, na badala ya kujiokoa alikuwa anamwokoa yeye. Yule msichana ambaye aliapa hatakula naye. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi yake kwa ajili ya mwingine. Nicanor alimtazama kwa jicho la kumsihi anyamaze. Caleb naye alikuwa akimtazama, akingoja.

Daktari alikuwa tayari amegeuka kuchukua sindano.

"Ngoja," Phelesia akasema. "Ananifunika. Mimi ndio nimempea dawa ingine."

Akafungua pindo la leso mbele ya wote. Fundo lilikuwa limelowa damu na likakataa kufunguka, ikabidi alikate kwa meno. Akaiweka chupa mkononi mwa daktari, akaeleza yote, Marekani, Liz, uteo, huku kimoja huku kimoja, na kwamba yeye mwenyewe alimeza kwanza na bado anameza. 

Caleb alisema kwa upole, na upole ule ulitisha kuliko makelele. "Si ulisema mmoja wenu azikwe? Kama hiyo kitu si sumu, kula hapa tukiona. Yote."

Phelesia alinyoosha mkono, akaichukua chupa kutoka kwa daktari, akaifungua, akamimina vidonge kwenye kiganja mpaka vikafanya kilima, kama anavyopima omena. Hakuwa anafanya mchezo. Angevimeza vyote, na hata mimi ninayesimulia sina shaka. Lakini daktari Mwikwabe alimshika kifundo cha mkono, akakibana mpaka vidonge vikamwagika sakafuni.

"Na wewe ukilala, nani atanijibu maswali?" Akamwuliza yeye mwenyewe anakunywa dawa gani. Presha, akasema Phelesia. Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta moto umefika na nyumba ya pili.

Kisha akamgeukia Caleb. Alimwambia hajui dawa hii, hajaisoma popote, na hatajifanya anaijua. Huenda ndiyo iliyoleta haya, huenda siyo. Anachojua ni kwamba ile dawa ya damu haipendi mgeni, na mgeni huyu ameingia wiki chache tu kabla damu haijaanza. "Si sumu," alisema. "Chumvi pia si sumu, lakini mwenye presha tunamkataza. Huyu mama angenyamaza, ningefanya makosa, na dada yako angekunywa ingine leo jioni."

Muuguzi alifungua mkoba wa Roselyn. Kitambaa kilikuwa humo, na vidonge ndani yake. Vikaondolewa vyote. Daktari akampiga mgonjwa sindano ndogo ya kugandisha, ndogo tu, akasimamisha kwa muda vile vidonge vya damu, akaamuru wasimpe kitu chochote ambacho yeye hajakiona kwa macho yake. Phelesia naye alipimwa presha, ikakutwa imepanda kuliko ilivyokuwa kliniki ya mwisho, akaambiwa asikiguse tena kitu kile mpaka daktari aseme. Kuhusu usingizi aliambiwa wataongea, lakini kwanza watu waishi.

Wakangoja. Phelesia aliketi kwenye benchi la nje peke yake, kwa sababu Caleb alikuwa amekaa kwenye benchi la ndani na Nicanor hakujua akae wapi. Hakuomba asamehewe na Mungu, aliomba damu ishike.

Siku ya pili, mchana, daktari alitoa damu nyingine, akakiinamisha kichupa, na safari hii kilichokuwamo hakikumwagika. Pua ilikuwa imekauka. Roselyn aliomba kuketi, akaegemezwa mito, akasema ana njaa.

Caleb alikuwa amejiandaa. Mkewe alileta samaki wa kuchemsha na ugali kutoka Takawiri, vimefungwa vizuri, na Caleb alikwisha kumwambia Nicanor kwamba dada yake akitoka hapa anakwenda kisiwani, hatakula tena chakula kilichopitia mkono wa mikayi. Alikiweka chakula upande wa kulia wa kitanda. Phelesia alikuwa amesimama upande wa kushoto na uji ndani ya jagi la plastiki, uji alioupika nje kwenye jiko la kuazima, na hakujua kama anaruhusiwa hata kuutaja. Wagonjwa wengine waligeuka kutazama, kwani habari ilikuwa imezunguka vitanda vyote.

Daktari alitazama vyote viwili akasema vyote ni chakula tu, ale anachopenda.

Phelesia akamimina uji kwenye kikombe. Alijaza mpaka juu, maana hata siku ile hakujua kupunja. Akamtazama Caleb, akafanya lile lipasalo kufanywa panapokuwa na shaka. Akainua kikombe kuelekea mdomoni mwake ili aonje.

Roselyn alinyoosha mkono uliojaa mabaka, akakishika kikombe kabla hakijafika midomoni.

"Lete, nyieka," akasema. "Usionje."

Akanywa wote.