Kiti cha Mbele cha Mama Blessing

Tekla Kalinga alikuwa na miaka hamsini na tatu mwaka ule petroli ilipopanda mara tatu mfululizo. Aliishi Uyole, katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kituo kimoja cha afya kule chini Usangu, karibu kilomita hamsini kutoka mlangoni kwake. Kwao hasa ni Iringa. Aliolewa Mbeya akiwa binti, akajifunza Kinyakyusa cha sokoni, akazaa mtoto mmoja wa kike, Blessing, na mtaa mzima ukamwita kwa jina la huyo mtoto hata baada ya Blessing kuondoka kwenda chuo Dodoma.

Miaka minne kabla ya haya, msimu wa mvua, aliteleza kwenye ngazi za kituo akavunjika nyonga ya kushoto. Waliiunga, lakini haikurudi kuwa ile ya zamani. Akikaa amekunja mguu kwa dakika kumi, machozi yanamlengalenga. Kwa hiyo tangu apone alikuwa akisafiri na Mwalimu Clement, ambaye alifundisha sekondari huko huko Usangu na alikuwa na gari dogo, Spacio ya rangi ya fedha. Tekla ndiye aliyemfuata mwalimu huyo kanisani na kumwambia, "Mwalimu, kila siku unashuka peke yako na viti vinne vitupu. Kwa nini tusichangie mafuta?"

Clement alikubali. Wengine wawili Tekla aliwatafuta mwenyewe. Mmoja alikuwa Jailos, mtumishi wa skimu ya umwagiliaji, mtu wa maneno mengi na mizaha. Mwingine alikuwa Eveline, mwalimu mpya wa shule ya msingi, msichana wa miaka ishirini na sita ambaye Tekla alimsikia akiongea Kihehe kwenye simu pale soko la Uyole. Aligeuka akamsalimia kwa lugha ya kwao, na kuanzia siku hiyo Eveline akawa kama mtoto wa nyumbani. Alikula ugali kwa Tekla kila Jumapili, na mumewe, aliyekuwa akifanya kazi mpakani Tunduma, akija, naye alikula hapo hapo.

Ndani ya gari, kiti cha mbele kilikuwa cha Mama Blessing. Walikisogeza nyuma kabisa ili anyooshe mguu. Hakuna aliyeuliza.

Bei mpya ya mafuta hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Jumatano ya kwanza bei ilipopanda, waliongeza mchango na kuilaumu serikali mpaka wakafika Inyala. Mwezi uliofuata ilipanda tena, na Clement akasema itabidi waongeze mtu wa tano. Alimleta Shija, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu mkubwa wa mwili ambaye familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Shija alikuwa na lori lake la Fuso, lakini alikuwa ameliegesha kwa sababu ya bei ya dizeli. Wakawa watatu nyuma, na Shija alijaza nafasi ya mtu mmoja na nusu.

Hapo mizaha ya Jailos ikaanza kubadilika ladha.

"Mama Blessing, hicho kiti umekikatia hati?" aliuliza asubuhi moja.

Wote walicheka. Tekla naye alicheka.

Siku nyingine Jailos alisema afadhali mtu kuvunjika nyonga, anapandishwa cheo. Tekla alicheka tena, ila jioni hiyo alisema mwenyewe kwamba atajaribu kukaa nyuma. Shija akahamia mbele, naye Tekla akakaa kati ya Jailos na Eveline, mguu umekunjwa, kutoka Igurusi mpaka Uyole. Walipofika hakuweza kutoka. Alishika mlango kwa mikono miwili akijivuta, huku Haice ya abiria iliyokuwa nyuma yao ikipiga honi, na Clement badala ya kushuka kumsaidia naye akapiga honi, mara mbili, kama vile anafukuza mbuzi barabarani. Eveline ndiye aliyemshika kwapani akamtoa. Kesho yake Tekla alirudi kiti cha mbele na hakuna aliyemsemesha mpaka Chimala ilipoanza kuonekana kwa mbali, yeye akiwa wa kushuka kabla ya hapo. Alisahaulika, naye aliona aibu kusema, wakapitiliza kituo chake, ikabidi warudi nyuma, na Clement akalalamikia mafuta yaliyopotea.

Mwezi uliofuata, Jumatano ya bei mpya, petroli ilipanda kwa mara ya tatu.

Jumatatu iliyofuata, mwezi wa saba, Tekla alisimama njia panda saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri kama kawaida yake. Ulikuwa ule ubaridi wa Uyole unaotoa moshi mdomoni. Alivaa sweta mbili na kujifunga kitenge juu yake. Aliona taa za Spacio zikija, akaokota mkoba wake chini. Gari lilipunguza mwendo kidogo kwenye tuta, likapanda tuta, likashuka, likaendelea. Kwenye kiti cha mbele alikuwa Shija, amevaa jaketi, anatazama mbele. Jailos alikuwa kwenye simu. Eveline alikuwa dirishani upande wa Tekla, si zaidi ya hatua tatu kutoka aliposimama, na aliinamisha kichwa.

Tekla alidhani hawakumwona. Alimpigia Clement, simu ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Mara ya tatu ujumbe uliingia, umetoka kwa Jailos: "Shikamoo mama. Kuanzia leo gari limejaa. Bro Shija amelipia siti mbili. Utaangalia usafiri mwingine. Samahani kwa usumbufu."

Baadaye alikuja kujua kwamba walikuwa wamefungua grupu jingine la WhatsApp wiki nzima kabla, na yeye hakuwekwa.

Kuanzia siku ile maisha yake yakawa ya barabarani. Mabasi madogo yalikuwa yamepandisha nauli, na makondakta walipoona jinsi anavyopanda, mguu mmoja, kisha mkono, kisha pumzi, walimwambia gari limejaa hata kama halijajaa. Alianza kuomba lifti kwenye malori yanayoshuka kufuata mpunga Madibira. Madereva wengine walimsaidia. Wengine walimwambia apande upesi, wakamsubiri kidogo, wakaondoa gari mkono wake ukiwa bado kwenye mlango. Mara moja alianguka kwenye changarawe, akajipangusa, akapungia lori la nyuma yake.

Kituoni, mganga mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, alikuwa mama mmoja aitwaye Esnath, mkali na mnyoofu. Saa moja na nusu kamili alipiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio, na aliyefika baada ya hapo alisaini chini ya mstari. Mwezi wa nane Tekla alisaini chini ya mstari siku kumi na nne.

"Dada Tekla, mimi nakuonea huruma," Esnath alimwambia akimkabidhi barua ya onyo. "Lakini wagonjwa wanakaa foleni bila faili. Huruma yangu haifungui kabati."

Tekla alipokea barua, akasaini kwamba ameipokea.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kila asubuhi Spacio ilimpita. Alijifunza kuitambua kwa mlio. Clement alikuwa ameacha hata kupunguza mwendo. Shija aliwahi kumpungia mkono, na Tekla, kwa mazoea ya adabu, akapunga naye, kisha akauchukia mkono wake kutwa nzima.

Mwezi wa tisa, lori alilopanda lilisimamishwa na askari wa usalama barabarani chini ya mteremko. Dereva aliposhuka kuonyesha leseni, askari mwingine alikuja upande wa Tekla, kijana mwenye heshima.

"Shikamoo mama. Unaelekea wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kazini." Kisha akauliza, "Afande, mtu akiwa na gari binafsi, akabeba watu wanamlipa kila siku, ni kosa?"

"Ni kosa, mama. Hana kibali cha abiria."

Tekla aliitaja namba ya gari taratibu, herufi moja moja, kama anavyowasomea wauguzi namba za mafaili. Alitaja na saa linapopita. Askari aliandika kwenye simu yake. Lori likaondoka, na Tekla alihisi mwili umepata joto, joto zuri, lililodumu mpaka mchana.

Wiki mbili zilipita kimya. Kisha asubuhi moja mwezi wa kumi Spacio ilisimamishwa. Clement alisema hawa ni marafiki zake tu, anawasaidia. Labda angeponea hapo, lakini Shija alikuwa na haraka ya kwenda kufungua mashine. Alifungua kioo akasema, "Afande, tuache twende. Mimi nimelipia hiki kiti mwezi mzima, siwezi kuchelewa."

Clement alitozwa faini na kupewa onyo kwamba akikamatwa tena gari litalala kituoni. Tangu siku hiyo hakubeba mtu. Wala hakuweza kulijaza mafuta peke yake, kwa hiyo alipanga chumba karibu na shule yake, gari akaliacha Uyole limefunikwa turubai. Jailos alipewa pikipiki na skimu. Shija aliliondoa Fuso lake alipoliegesha, akapandisha bei ya kukoboa, wakulima wakamlipia dizeli.

Akabaki Eveline.

Asubuhi ya kwanza Tekla alipomkuta njia panda, tumbo lilikuwa limeshaonekana chini ya sweta. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Tekla aliijua tangu ikiwa changa, tangu zile Jumapili Eveline alipoanza kukataa harufu ya dagaa. Walisimama mbali kidogo mmoja na mwenzake. Lori lilipokuja, Tekla alitangulia, na nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Hakugeuka nyuma.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mvua zilianza. Siku moja Tekla alifika mapema, akafungua kabati, akapanga kadi. Saa mbili kasoro alisikia pikipiki ikiingia mpaka barazani, jambo lililokatazwa, na sauti ya muuguzi ikiita, "Faili, faili haraka."

Eveline alikuwa ameegemezwa katikati ya dereva wa pikipiki na mama mmoja aliyemsindikiza. Sketi yake ilikuwa na tope upande mmoja na damu chini. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya lori akishuka, dereva akiondoa gari kwa kudhani ameshashuka.

Walimkalisha kwenye benchi mbele ya dirisha la Tekla kwa dakika mbili tu, wakati kitanda kinaandaliwa. Alipomwona, uso wake ulilegea.

"Mama Blessing," alisema. "Afadhali ni wewe."

Tekla aliandika jina. Aliandika umri, kijiji, shule. Mimba, wiki ishirini na tisa. Penye sababu ya kuletwa aliandika: kuanguka kutoka kwenye gari. Mwandiko wake ulikuwa safi kama siku zote.

Mtoto alizaliwa saa sita mchana, wa kike, na hakulia. Kitabu cha vizazi vya kituo kilikuwa mikononi mwa Tekla, kwa hiyo yeye ndiye aliyejaza mstari ule pia.

Mume alifika usiku kutoka Tunduma. Asubuhi alikuja dirishani, akamshika Tekla mikono yote miwili. "Mama, ameniambia ulikuwepo. Umekuwa mzazi kwake huku ugenini. Mungu akulipe." Tekla alijibu kwamba hakuna shida.

Wiki tatu baadaye Eveline alikuja mwenyewe kuchukua karatasi za likizo ya ugonjwa. Alikuwa anarudi Iringa kwa wazazi wake, na mumewe alikuwa anamwombea uhamisho wa kubaki huko. Alikaa kwenye kiti cha ndani ya chumba cha kumbukumbu, amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili.

"Nawaza sana ni nani alitusema kwa traffic," alisema. "Mwalimu Clement anasema ni wenye Haice. Walituonea wivu."

Tekla alikuwa anapiga muhuri. Alipiga muhuri wa mwisho, akauweka pembeni.

"Ni mimi," alisema.

Eveline alimtazama kama hajasikia.

"Ni mimi niliyetoa namba ya gari. Mwezi wa tisa. Nilikuwa na hasira na Clement."

"Ulijua nina mimba?"

"Nilijua."

Muuguzi aliingia kuuliza faili la mtoto wa kifua. Tekla alisimama, akalitafuta, akampa. Mlango ulipofungwa, Eveline alikuwa bado amekaa vilevile.

"Siku ile nilikuona umesimama," alisema. "Niliinamisha kichwa. Kwenye grupu waliniuliza na mimi, nikasema sawa, kwa sababu Jailos alisema anayekataa naye atafute usafiri wake. Leo nilikuja kuchukua karatasi, lakini nilikuja pia kukuomba msamaha. Nimeyapanga maneno njia nzima."

"Nisamehe wewe, mwanangu," Tekla alisema.

"Sasa siombi," Eveline alisema. Sauti yake haikupanda. "Na usiniite hivyo. Umeniambia ili upate usingizi. Mimi nitalalia nini?"

Alichukua karatasi zake, akazihesabu kurasa, akazitia kwenye mkoba. Kutoka dirishani Tekla alimwona akivuka barabara kusubiri basi la kwenda Iringa. Alisubiri karibu saa nzima. Lilipokuja, utingo alimshika mkono akampandisha.

Baada ya mwaka mpya Tekla alipanga chumba kimoja Igurusi, karibu na kituo, nyuma ya duka la pembejeo, akawa anapanda Uyole mara moja tu kwa mwezi kufagia nyumba. Blessing alipopiga simu kuuliza kwa nini ameiacha nyumba nzuri akaenda kukaa kwenye joto na mbu, mama yake alimwambia ni nauli.