Masanduku ya Chai na Kanuni ya Nne

Mwaka 1956 nilifikia Igowole, Mufindi, kwa Yotamu Kalinga, mwalimu wa shule ya kati aliyekabidhiwa maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja. Alikuwa ameagizwa aandike kanuni za kuchagua vitabu, na nilimkuta kakasirika hata ugali haushuki.

Mzungu mmoja wa shamba la chai, akirudi kwao, aliipa shule masanduku ya vitabu. Mwalimu mkuu, Edmund, aliyapokea kwa mikono miwili, na ili kupata nafasi akatupa vya Kiswahili stoo, eti vimechakaa. Yotamu akaniomba nimsomee hivyo vipya. Kimoja cha Kijerumani: tiba ya farasi. Kingine adabu za mezani melini. Mufindi hii, yenye watoto wa wakulima wa mahindi. Nimepita nchi nyingi, na kila mahali nimeona takataka za tajiri zikiitwa msaada.

"Vile vimechakaa kwa kusomwa," Yotamu alisema. "Hivi vitabaki visafi mpaka Kiyama."

Kanuni yake ya nne ilisema: zawadi ikaguliwe, isiyowafaa wanafunzi irudishwe.

Edmund alikuja kuisoma palepale barazani kwa Yotamu.

"Kalinga, mama yako hakukufunza? Zawadi hairudishwi."

"Alinifunza, Mwalimu Mkuu. Hakuniambia nilaze watoto nje ili zawadi ilale ndani."

"Futa. Mkaguzi akija anataka kuona kabati limejaa, hatafuti maneno yako. Na yale masanduku ni mali ya shamba, wanayadai. Yarudishe kesho."

Yotamu akafuta. Lakini kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata bakuli la jirani hurudi na chochote, japo maharage. Asubuhi aliyajaza masanduku: farasi, meli, vyote. Karani wa shamba, naye mtu wa hukuhuku, akavipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Edmund angemfuata amwambie nini? Arudishe zawadi?

Vitabu vya stoo vikarudi kabatini. Edmund akamvua Yotamu maktaba na kumpa hadi jioni alete ufunguo, maana kabati lingefungwa mpaka mkaguzi aje.

Yotamu aliuleta jioni, kama alivyoamriwa. Mchana huo alikuwa amewaazimisha wanafunzi vitabu vyote.