Chungu cha Maji ya Kijani

Mugonile, jamani. Sogeeni, na mnaopepeta mpunga pumzikeni kidogo, niwaambie nilivyokuwa tajiri wa mafuta hapa hapa Bujonde.

Binti yangu alisoma chuo kikuu. Mimi shule niliiona kwa mbali, kama mtu anavyouona mlima. Likizo moja akachota ule utelezi wa kijani kwenye jaruba letu la mpunga, akasema humo mna wadudu wasioonekana, chakula chao ni jua. Kule chuoni wanawabadilisha matumbo, wakishiba jua watoe mafuta ya kuendeshea injini. Nikamuuliza kama kuku naye anaweza kubadilishwa atage soda. Alicheka mpaka akakaa chini.

Waliobadilishwa walifungiwa huko huko, hawaruhusiwi kutoka. Wazazi wao, wale wa jarubani, akaniachia uani kwenye chungu kipana cha Lyulilo kule ziwani, kazi ya mikono ya mama yake.

"Baba, wakoroge kila asubuhi. Nikirudi nitawahitaji."

Nikakoroga. Mvua ikinyesha, mwavuli wa chungu, mimi nalowa. Kijiweni nikaapa kwamba nawasikia wakitafuna jua, na kwamba pikipiki moja ililambishwa tone ikapanda milima ya Ukinga bila dereva.

Hakurudi. Homa ya siku tatu, akaletwa kwenye sanduku.

Dada yangu mkubwa alipeleka habari ya msiba nyumba kwa nyumba mpaka Ikolo. Wanawake wa kwao mke wangu wakaja kutoka ziwani kutusaidia kupika. Watu wengi, vyungu vichache, na wale hawapikii kwenye chungu kichafu. Wakamwaga, wakasugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, wakabandika maharage. Nilikitambua chungu kwa ukingo wake wakati wananipakulia. Nikala. Ningewaambia nini, watu wamenitendea wema? Nikasema ndaga, asanteni, nikaongezewa.

Mpaka leo nikiamka mkono unatafuta mwiko.

Juzi mwenzake wa chuoni kapiga simu. Nikaiweka sauti kubwa, nyumba nzima isikie. Akasema wale waliobadilishwa wazima kabisa, wanakula jua, wameanza kutoa mafuta, kidogo tu, hata kibatari hakijai. Siku hizi anawakoroga yeye.

Mke wangu kajifunika kanga usoni. Dada yangu, tunda la kakao mkononi, ndipo likamtoka:

"Na msiba, hao wadudu wameambiwa?"